Siku Thelathini na Tano

Hospitalini walimwita Mtandao, naye hakulipinga jina hilo kwa sababu lilikuwa limeshamkaa. Printa ikigoma, kompyuta ya mapokezi ikiganda, simu ya bosi ikikataa kufungua picha za harusi ya shemeji yake, wote waliuliza swali moja: "Mtandao yuko wapi?" Akiwa ametoka kwenda kula, wagonjwa kwenye foleni waliambiwa hakuna mtandao, na angalau mara hiyo maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na choo kilichofungwa kwa matengenezo tangu alipoajiriwa. Mezani palikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na nyingine ya kutolewa vipuri, na kiti chenye mguu mmoja mfupi alioukalisha juu ya kitabu cha maelekezo ya mashine iliyokwisha kutupwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mume, hana papara, na ulimi wake uliweza kumrudisha mtu alikotoka. Kazi yake aliijua. Hilo halikuwa na ubishi, na ndilo linalouma katika habari yote hii.

Mama yao alizaa wawili tu. Wa pili alikuwa wa kiume, kinyozi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Kinyozi, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Alipofika miaka ishirini na miwili aliugua. Alianza kusikia watu wakizungumza ndani ya mlio wa mashine ya kunyolea, kisha akawa anawasikia hata mashine ikiwa imezimwa. Akahamia juu ya paa. Akawashutumu majirani kwamba wametia nyaya kwenye maji ya kunywa, akamwaga ndoo za watu, akapigwa, akafungwa kamba, akapelekwa, akarudishwa. Miaka mitatu ilipita namna hiyo, na mama yake alikiona cha mtema kuni.

Kisha ikapatikana sindano. Ilichomwa kwenye kalio, hospitalini hapo hapo alipofanya kazi dada yake, mara moja kila wiki nne, na ndani ya miezi michache Kinyozi akashuka kwenye paa, akaomba radhi nyumba kwa nyumba, akafungua tena kibanda chake chenye vioo viwili na viti viwili. Kwa miaka sita alikuwa mzima. Wateja walimtania kabla hawajakaa: "Umechomwa?" Naye alijibu huku anakung'uta shuka: "Nimechomwa. Wewe ndiye hujanyolewa, kaa." Lakini utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Sindano ilimshika wiki nne. Ya tano ilikuwa haijawahi kujaribiwa, na hakuna aliyetaka kuijaribu. Nyumbani walijua, wateja walijua, na dada yake alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyepanda ngazi kumtoa juu ya paa.

Kliniki ya wagonjwa wa akili ilikuwa kila Jumatano, na Jumatano ilikuwa mali ya Mama Sindano. Huyu alikuwa muuguzi mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo, na daftari lake lilikuwa na jalada gumu na uzito wa tofali. Ukurasa mmoja, Jumatano moja. Kila mwanzo wa mwaka aliziandika tarehe juu ya kurasa, hadi Desemba. Mgonjwa akishachomwa, alilamba kidole, akafunua kurasa nne mbele, akaandika jina lake, kisha akainakili tarehe hiyo kwenye kadi ya mgonjwa. Basi. Kalenda ya ukutani hakuitazama, na hata angeitazama isingemsaidia, maana ilikuwa ya mwaka wa juzi.

Ilipobaki miezi miwili astaafu, daktari wa kliniki aliingiwa na wasiwasi. Mama akiondoka na kidole chake, nani atafunua? Akamwita Mtandao. "Tutengenezee kitu," alimwambia. "Mtu akichomwa, kompyuta ipange siku ya kurudi. Siku moja kabla, imtumie ujumbe kwenye simu."

Mtandao alifurahi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameomba apewe kazi ya maana, si kuondoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Akachukua kiti chake kibovu, akaenda kukaa Jumatano mbili nzima kando ya meza ya Mama Sindano.

"Shikamoo mama. Hebu nieleze, unajuaje siku ya kumrudisha mtu?"

"Marahaba. Nafunua kurasa nne."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu wa sindano hii. Nne, mwanangu. Nikianza kupiga hesabu nyingine nitachanganyikiwa, wanihamishie benchi la wagonjwa."

Walicheka wote wawili, na mgonjwa aliyekuwa amelala kifudifudi akacheka nao.

Watu wa kazi ya Mtandao hawahesabu siku wenyewe. Wana kitu wanachokiita maktaba, ambacho si chumba cha vitabu bali ni kifurushi cha maagizo kilichoandikwa na watu wengine huko mbali, wenye subira ya kuhangaika na miezi mifupi na miaka mirefu. Unakiuliza: wiki nne kutoka leo ni tarehe ngapi? Kinajibu. Unakiuliza: Jumatano ya pili ya mwezi ujao ni lini? Kinajibu. Hakichoki, hakikosei, na hakikuulizi unataka kujua kwa nini. Mtandao aliandika mstari mmoja tu: chukua siku ya sindano, ongeza wiki nne. Akaujaribu, ukatoa tarehe zile zile za Mama Sindano. Angeishia hapo, Kinyozi angekuwa kibandani kwake leo anataniana na wateja.

Lakini Jumapili ile alikwenda kwa mama yake. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na kila siku ya sindano ilimlazimu aombe ruhusa kazini ili amsindikize Kinyozi, maana peke yake hakwenda, aliona haya kukaa kwenye benchi lile. Walikuwa wanaosha vyombo.

"Si nasikia mnatengeneza mashine ya tarehe?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi iambieni itulie. Yule mama wa sindano mwezi huu ananipa Jumatano ya pili, mwezi ujao ya kwanza, mwezi mwingine mara mbili! Mwalimu mkuu akiniona mlangoni ananitazama kana kwamba nabuni. Mimi nataka Jumatano moja. Niijue, iandikwe ukutani jikoni, kila mtu aizoee. Ni jambo gumu hilo?"

"Si gumu hata kidogo."

Na kweli halikuwa gumu. Jumatatu asubuhi Mtandao alichukua kadi ya mdogo wake ya mwaka uliotangulia akaikagua. Mwezi wa tatu Kinyozi alikuwa amechomwa tarehe mosi, akachomwa tena tarehe ishirini na tisa. Mara mbili ndani ya mwezi mmoja! Mtandao alitikisa kichwa, akasema moyoni kwamba Mama Sindano ni mtu mwema ila miwani yake haimsaidii tena. Wiki nne si ndiyo mwezi? Akaufuta ule mstari wa wiki nne. Mahali pake akaandika mwingine: kila mgonjwa ana Jumatano yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya mwezi, na maktaba iitafute hiyo milele. Kinyozi akaangukia ya pili.

Alikuwa mwangalifu, tusimwonee. Alijua kwamba miezi mingine ina Jumatano tano, na kwamba ukiiuliza maktaba Jumatano ya tano ya mwezi usiokuwa nayo inaweza kukutelezesha hadi mwezi wa mbele bila kukuambia. Kwa hiyo akahakikisha hakuna mgonjwa anayepangiwa ya tano. Akatoa orodha ya miaka mitano ijayo, akaikagua mstari kwa mstari: zote ni Jumatano, hakuna hata moja iliyoangukia tarehe isiyokuwepo. Alijilinda kwa bidii na kosa ambalo lisingemdhuru mtu yeyote.

Daktari alipoletewa orodha alipendezwa. "Kila mtu na Jumatano yake. Safi sana. Na ile ya tano?"

"Hakuna wagonjwa. Mtafanya usafi."

"Hapo umenipata," daktari akasema, akapiga muhuri.

Hakuna aliyechukua kalenda akaweka kidole kwenye Jumatano ya pili ya Oktoba na kuhesabu hadi Jumatano ya pili ya Novemba. Ni kazi ya nusu dakika. Mtoto wa darasa la pili angeifanya, tena huku anakula. Mama Sindano hakuiona orodha ile. Aliagwa kwa hotuba tatu na seti ya mashuka, na daftari lake likaingizwa stoo.

Agosti, Septemba, Oktoba, mambo yalikwenda barabara. Kila siku moja kabla ya Jumatano ya pili simu ya mama ililia saa tatu asubuhi, naye akausoma ujumbe kwa sauti mbele ya wapishi wenzake, wakitaka wasitake. "Mashine ya binti yangu hiyo," alisema. "Imenikumbuka." Mwalimu mkuu alishaacha hata kuuliza, alikuwa anatia sahihi tu.

Novemba, siku chache kabla ya sindano, Kinyozi alimnyoa mteja nusu ya kichwa, akazima mashine, akainama kuisikiliza, akatoka nje akaondoka zake. Mteja alibaki kwenye kiti na shuka shingoni, kisha akavaa kofia akaenda nyumbani, na mtaani watu waliicheka habari hiyo kwa juma zima. Mama hakucheka. Alipiga simu.

"Mdogo wako hajalala siku tatu."

Mtandao alifungua jina la mdogo wake kwenye kompyuta. Mbele yake palikuwa na alama ya kijani. Alama ile aliiweka yeye mwenyewe: kijani maana yake mgonjwa hajakosa siku yake. "Yuko ndani ya ratiba, mama," alisema. "Jumatano anachomwa. Ni keshokutwa tu."

Akachomwa, na baada ya siku kumi akatulia. Wakatafuta wa kumlaumu. Mara ni joto, mara ni rafiki yake mmoja mvutaji, mara ni ugomvi wa kodi ya kibanda. Desemba ikapita salama. Januari ikapita salama, akachomwa tarehe nane, akanunua kioo cha tatu.

Jumapili ya tarehe tisa Februari mama alipiga simu tena, na safari hii alinong'ona. Kinyozi alikuwa amevigeuza vioo vyote vitatu vikatazama ukuta, akawafukuza wateja, akajifungia nyumbani. Mtandao alikwenda. Alimkuta mdogo wake amekaa sakafuni katikati ya chumba, ameikumbatia mashine yake ya kunyolea, waya wake ameuzungusha mkononi. Alimwita. Hakuitikia. Aligusa bega lake, likaruka kama la mtu aliyeunguzwa.

Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ni kuwaita walinzi wa hospitali siku hiyo hiyo, waje wanne na kamba zao, wamtoe mbele ya majirani kama zamani. Nyingine ni kungoja. Mtandao alitoa simu, akaingia kwenye mfumo wake, akatazama. Kijani. Jumatano ilibaki siku tatu.

"Tumwache," alimwambia mama yake. "Novemba si ilikuwa hivi hivi, na akapona? Vumilia hadi Jumatano."

Jumatatu mchana, mama akiwa uani anaanua nguo, Kinyozi alitoka. Alikwenda peku hadi barabara kuu. Dereva wa lori aliwaambia askari kwamba alimwona kwa mbali amesimama katikati ya njia, ameweka mashine ya kunyolea sikioni, waya unaburuta nyuma yake. Alipiga honi. Alikanyaga breki. Lori lilikuwa limebeba saruji, halikusimama.

Jumanne nyumba ilijaa watu waliokuja kutoa pole. Saa tatu asubuhi simu ya mama ililia juu ya meza, na kwa kuwa watu walikuwa kimya, wote waliisikia. *Kumbuka: kesho Jumatano, kliniki, saa mbili asubuhi. Usikose.* Mama aliusoma, akamkabidhi binti yake simu. Mtandao aliizima, akaitia mfukoni.

Baada ya mazishi, Jumanne iliyofuata, alirudi kazini, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kulifunga jina la mdogo wake, ili simu ile isilie tena. Mfumo ulimpa nafasi tatu za kuchagua: amehama, amepona, amefariki. Alizipanga yeye mwenyewe zile nafasi, na siku alipozipanga alikuwa anakula karanga. Akachagua ya tatu. Mfumo ukauliza tarehe ya kifo, akaandika tarehe kumi Februari. Juu yake palisomeka sindano ya mwisho: tarehe nane Januari.

Akazisoma tarehe zote mbili. Alihesabu kichwani, akapata thelathini na tatu. Akahesabu tena kwa vidole, kama mama muuza nyanya sokoni, akapata thelathini na tatu. Sindano ya siku ishirini na nane.

Alifungua ile skrini nyeusi ya kuandikia maagizo, akaiuliza maktaba: kati ya sindano na sindano, tangu mashine ianze, zilikuwa siku ngapi? Maktaba haikuchelewa. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Thelathini na tano. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Na ya mwisho, ile ambayo Kinyozi hakuifikia, thelathini na tano.

Kwa saa nzima alitafuta kosa la maktaba. Aliomba liwepo. Alisoma malalamiko ya mafundi wengine, akalinganisha matoleo, akaiuliza swali moja kwa namna sita. Majibu yalikuwa yale yale, tena sahihi yote. Aliiomba Jumatano ya pili, ikampa Jumatano ya pili. Mwezi ukiwa na Jumatano tano, toka ya pili hadi ya pili ni wiki tano, na maktaba haikuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya mwili wa mtu kuna kitu kinachoisha baada ya nne.

Akaenda stoo. Daftari la Mama Sindano lilikuwa chini ya mabeseni. Alilipangusa vumbi, akafungua ukurasa wowote, akafunua nne, akalikuta jina la mdogo wake. Akafunua nne nyingine, jina likawepo. Akahesabu mwaka mzima: sindano kumi na tatu. Mashine yake ingempa kumi na mbili. Zile tarehe mbili za mwezi wa tatu alizozicheka, mosi na ishirini na tisa, kati yake zilikuwa siku ishirini na nane kamili. Alikaa juu ya mabeseni, akashika tama, na mfanyakazi wa usafi aliyeingia kuchukua ufagio alirudi nyuma taratibu akaufunga mlango.

Alipopata nguvu alirudi kwenye chumba chake. Akaufuta mstari wa Jumatano ya pili, akaurudisha wa wiki nne. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha akatoa orodha. Wagonjwa walikuwa mia mbili na saba. Kati yao, waliolazwa wakiwa ndani ya wiki ya tano walikuwa kumi na mmoja, na aliyekufa ni mmoja, Kinyozi. Kundi la Jumatano ya tatu lilikuwa limeshapitiliza wiki nne na lingekuja kesho. Kundi la Jumatano ya nne lilitakiwa kesho hiyo hiyo, lakini mashine iliwaambia waje wiki ijayo. Akamwita muuguzi mpya wa kliniki, wakagawana majina, wakapiga simu hadi masikio yakauma. "Njoo kesho. Ndiyo, najua ujumbe hujaupata. Njoo hivyo hivyo."

Kisha akaenda kwa daktari na karatasi yake. Daktari aliisoma amesimama, akaenda kufunga mlango, akaisoma tena amekaa.

"Umesharekebisha?"

"Nimesharekebisha."

"Basi." Alivua miwani. "Maradhi haya yana tabia zake, dada yangu. Mtu anaweza kuchomwa kwa wakati na bado akaharibikiwa. Hatuwezi kusema ilikuwa ni ile wiki moja."

"Mimi naweza kusema, daktari."

"Unaweza. Na ukisema, wagonjwa mia mbili wataikimbia kliniki, nao ndio watakaokufa. Na muhuri ni wangu." Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye droo. Hakuwa mtu mbaya. Alipomwambia pole alimaanisha, lakini droo aliifunga kwa ufunguo.

Mtandao alitoka pale akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake, kabla moyo haujapoa. Alijikaza. Alikuwa ameyapanga maneno yote njiani. Alimkuta mama amekaa kwenye kitanda cha Kinyozi, anakunja mashuka ya kibandani, yale ya kuwafunga wateja shingoni. Yalikuwa yamefuliwa na kupigwa pasi.

"Mama, nina neno la kukwambia."

"Hata mimi ninalo," mama akasema. "Niache nianze mimi, maana langu linaninyonga. Sijamwambia mtu."

Mtandao akakaa.

"Ile Jumatano kabla mambo hayajaharibika. Tarehe tano. Mdogo wako aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani nilimkuta ameshaoga, amevaa lile shati lake la kwendea hospitali, amekaa pale mlangoni na kadi mkononi. Akaniambia, 'Mama jiandae, leo ndiyo siku yangu.' Nikamwambia bado, simu haijalia. Akasema, 'Simu haijui, mama, mimi najua.' Akanihesabia kwa vidole, hii ya kwanza, hii ya pili, ya tatu, ya nne. Nikamcheka. Nikamwambia, 'Kati yako na mashine ya dada yako, nani mgonjwa?' Akacheka na yeye. Akavua shati, akalitundika, akaenda kazini kwake."

Mama aliliweka shuka alilolikunja juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Sasa nawaza, labda ndiyo ilikuwa inaanza. Mtu mzima kukaa mlangoni anahesabu vidole na kubishana na simu. Labda ile ndiyo dalili yenyewe, ilinijia mpaka mlangoni, na mimi mama yake sikuiona. Wewe unayajua haya mambo. Niambie tu ukweli. Ilikuwa ndiyo dalili?"

Maneno aliyoyapanga njiani hayakumfaa hata moja.

"Hapana, mama," alisema. "Hesabu yake ilikuwa sahihi. Siku yake ilikuwa ile ile. Mashine ndiyo ilikosea, na mashine niliiandika mimi."

Akamweleza. Hakutumia maneno ya kazini. Alitumia vidole, kama Kinyozi, wiki moja hadi nne, kisha akamwonyesha ile ya tano ambayo yeye aliiongeza bila kujua. Mama alivitazama vidole vile. Hakumtazama usoni.

"Mimi ndiye niliyetaka iwe siku moja," alisema.

"Ulitaka, mama. Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapigapiga mpira ukutani. Mama alichukua shuka jingine, akaanza kulikunja.

"Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima kabisa, mama."

"Mzima," mama alisema. "Na mimi nikamcheka."